Uzi: Ujuzi wa porini na uhifadhi wa wanyamapori kwa watoto wakati wa kiangazi ni somo moja, tusilikate vipande

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu nyote. Kila likizo ya kiangazi inapokaribia, wazazi na walezi huanza kutafuta kambi za watoto, na ukizisoma ratiba za kambi hizo utaona jambo linalojirudia: asubuhi watoto wanafundishwa kufunga kamba, kusimamisha hema na kutumia dira, kisha mchana, wakiwa wamechoka na jua likiwa kali, wanakalishwa chini ya turubai wasikilize mhadhara kuhusu wanyama walio hatarini kutoweka. Hoja yangu ni kwamba mgawanyo huo unaharibu yote mawili. Mtoto aliyejifunza kutembea bila kelele, kusimama na kusikiliza, kusoma nyayo na kutambua upepo unavuma kutoka wapi, tayari amejifunza namna ya kutomsumbua mnyama. Na mtoto asiyemsumbua mnyama amejiepusha na sehemu kubwa ya ajali zinazowapata watu porini.

Mgawanyo huu haukuwapo tangu mwanzo. Agosti 1907, Robert Baden-Powell alipowapeleka vijana takriban 20 katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, kwa kambi ya majaribio iliyotangulia harakati za skauti, kunyemelea, kufuata nyayo na kuchunguza wanyama vilifundishwa sambamba na kuwasha moto na kujipikia. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, naye mwaka 1991 alikutana na wanafunzi 12 nyumbani kwake Dar es Salaam, vijana waliokuwa wakisumbuliwa na mambo waliyoyaona kwa macho yao wenyewe, na kutokana na mazungumzo hayo ukazaliwa mpango wa Roots & Shoots, ambao hadi leo huwaachia vijana wenyewe wachague kazi ya kuwafaa watu, wanyama na mazingira ya pale walipo. Katika mifano hii miwili mtoto hakuketi akahurumia wanyama kwa mbali. Alitoka nje na kufanya kitu.

Kuna utafiti mmoja ninaopenda kuutaja. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha katika jarida la Science matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watoto wa shule za msingi nchini Uingereza: waliwaonyesha kadi zenye picha za mimea na wanyama wa kawaida nchini mwao, pamoja na kadi za viumbe wa kubuni wa Pokémon. Watoto wa miaka minane na kuendelea waliwatambua Pokémon vizuri kuliko viumbe halisi. Wengine huipokea habari hii kama kilio dhidi ya michezo ya watoto wa siku hizi. Mimi naipokea kwa namna nyingine: inaonyesha kwamba kichwa cha mtoto kina nafasi tele ya kuhifadhi majina, maumbo na tabia za viumbe, mradi apate sababu ya kuwafuatilia na mwenzake wa kubishana naye.

Kwa hiyo sioni faida ya kuanza na faru na tembo kwa mtoto wa miaka saba ambaye hatawaona kesho wala keshokutwa. Aanze na chungu, mjusi, kereng'ende, na ndege anayemsikia kila alfajiri. Habari za ujangili na za viumbe waliotoweka zitamfikia tu akikua. Zikitangulia kabla hajapenda chochote, humwachia hofu na hisia kwamba hakuna analoweza kufanya.

Naendelea na sehemu ya pili, kisha nitapokea michango.

Mleta mada

Sehemu ya pili: kupotea. Nimeanza na hili kwa sababu ndiyo hofu ya kwanza ya mzazi, na ndipo mafunzo mengi yanapokosea kwa kumpa mtoto dira kabla ya kumpa kanuni ya kubaki alipo.

Mwaka 1981 mvulana wa miaka tisa alipotea katika mlima wa Palomar, jimbo la California, Marekani. Alitafutwa na watu wengi kwa siku kadhaa, na alipopatikana alikuwa ameshafariki. Baadhi ya waliomtafuta, akiwamo Ab Taylor, askari wa doria ya mpakani aliyesifika kwa kufuata nyayo, walianzisha mpango wa kuwafundisha watoto kwamba wakijigundua wamepotea waukumbatie mti ulio karibu na wabaki hapo. Sababu ni rahisi kueleweka: mtoto anayetembea hulipanua eneo la kutafutwa kila dakika, na anaweza hata kuingia sehemu ambayo wasakaji wameshaipita. Mti humpa kitu cha kushika, na kitu cha kushika hupunguza kiherehere cha kukimbia.

Mkoba wa mtoto uwe na filimbi, kwa kuwa sauti ya kupiga kelele hukauka upesi ilhali filimbi haichoki, na milio mitatu ikifuatana hutambulika mahali pengi kuwa ni ishara ya kuomba msaada. Uwe pia na mfuko mkubwa wa taka wa rangi kali, uliokwisha kukatwa tundu la uso nyumbani na mtu mzima, wa kujivika mvua ikinyesha au baridi ya usiku ikiingia. Jambo la tatu halibebwi mkobani: aambiwe waziwazi, tena mara nyingi, kwamba hatagombezwa kwa kupotea, na kwamba wanaoliita jina lake si wageni wa kuwakimbia. Wapo watoto waliojificha wasakaji wakipita hatua chache kutoka kwao, kwa sababu walikuwa wamefundishwa kutozungumza na wasiowajua.

Kabla ya kuondoka nyumbani, fanya hivi. Tandika taulo sakafuni, weka juu yake karatasi ya aluminiamu ya kufunikia vyakula, kisha mwambie mtoto akanyage kwa uzito wake wote akiwa amevaa viatu vilevile atakavyovaa porini. Soli itajichora: mistari yake, upande uliolika, hata kijiwe kilichonasa kwenye mfereji wa soli. Andika jina lake na uiache karatasi hiyo kwenye gari au kwa mkuu wa kambi. Ikitokea la kutokea, msakaji atajua alama ipi ni ya nani.

Kisha usiishie hapo, maana mtoto amekwisha kuona kwamba unyayo ni taarifa. Mpeleke kwenye tope lililo kando ya maji, umuulize swali lilelile kuhusu alama anazoziona: ni nani, alikuwa akielekea wapi, alitembea au alikimbia? Jamii ya mbwa huacha alama za kucha mbele ya vidole. Jamii ya paka huzirudisha kucha ndani, kwa hiyo alama zao kwa kawaida hazina kucha, isipokuwa duma, ambaye kucha zake huonekana ardhini. Mtoto aliyeanza somo hili akijilinda yeye ameshaingia katika maisha ya mnyama mwingine bila kuambiwa kwamba sasa ni kipindi cha uhifadhi.

Mzazi wa Mapacha

Ahsante sana mleta mada, hili la karatasi ya aluminiamu sikuwahi kulisikia na nitalifanya. Hata hivyo nina wasiwasi. Kiangazi katika sehemu nyingi ndicho kipindi cha mvua za ghafla zenye radi. Ninamwambiaje mtoto leo aukumbatie mti, na kesho asikae chini ya mti radi inapopiga? Watoto huyashika maneno kama yalivyosemwa.

Mpanda Milima

Mzazi mwenzangu, umeuliza panapostahili kuulizwa. Naomba nijibu hili, mleta mada atanisahihisha.

Kwanza, ulinzi wa kweli dhidi ya radi ni kuondoka mapema, kwa kuwa nje hakuna mahali palipo salama kabisa. Sauti husafiri takriban kilomita moja kwa kila sekunde tatu. Wafundishe watoto wahesabu kuanzia wanapouona mwanga hadi wanaposikia ngurumo. Sekunde zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi, na muda huo mnatakiwa muwe mmeshaingia kwenye jengo lenye kuta au gari lenye paa la chuma na vioo vilivyofungwa. Hema si kinga, wala banda lililo wazi pembeni. Mkishaingia, kaeni hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, hata kama jua limeshachomoza. Watoto hupenda mno kuhesabu, na baada ya muda utawakuta wao ndio wanaowahimiza watu wazima waharakishe.

Pili, kuhusu mti wenyewe. Mwambie mtoto kwamba mti wa kukumbatia ni mmoja kati ya mingi, usiowazidi wenzake urefu, na hauko kileleni wala katikati ya uwanja. Mti mrefu uliojitenga ndio wa kuuepuka. Akikutwa na radi nje, ashuke mahali pa chini penye vichaka au miti mifupi, ajitenge na maji na uzio wa waya. Kanuni ya kutozurura inabaki palepale. Kinachobadilika ni kuchagua mahali pa kutozurura.

Tatu, na hili linaunga mkono hoja ya mleta mada: jua la kiangazi huwa kali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Panga matembezi alfajiri na jioni, mchana uwe wa kivuli, maji na usingizi. Ukifanya hivyo utagundua kuwa umefuata ratiba ya wanyama wenyewe, kwani wengi wao huzunguka nyakati hizohizo na kujificha mchana. Kambi inayotoka saa sita mchana kwenda kutazama wanyama inawachosha watoto bure, halafu inawaambia kwamba pori halina kitu.

Mwalimu wa Baiolojia

Nashukuru kwa uzi huu. Naomba niongeze kuhusu kuangalia wanyama kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo ninapoona madhara mengi yakifanywa kwa nia njema.

Kuna kipimo chepesi cha umbali. Mtoto anyooshe mkono wake mbele, ainue kidole gumba, afumbe jicho moja. Ikiwa kidole kinamfunika mnyama mzima, yuko mbali vya kutosha kwa wanyama wengi. Ikiwa mnyama anachomoza pande zote, arudi nyuma. Kipimo hiki hakiwafai wanyama hatari kama tembo au dubu, ambao wana masharti yao na mtoto hapaswi kuwa peke yake katika maeneo yao, lakini kwa swala, sungura au ndege wakubwa kinatosha. Zaidi ya kipimo, afundishwe kumsoma mnyama: akiacha kula, akiinua kichwa, akigeuza masikio kuelekea kwako, ameshakuona, na hatua yako inayofuata ndiyo itakayoamua kama atabaki au atakimbia.

Kwa viumbe wadogo, tatizo kubwa ni mawe na magogo. Watoto huyapindua, hupiga kelele za furaha, kisha huondoka na kuyaacha chali, na kilichokuwa kivuli chenye unyevu kinakauka kwa jua ndani ya muda mfupi. Nawafundisha hivi: chuchumaa upande mmoja wa jiwe, shika ukingo ulio mbali nawe, ulivute likuelekee wewe. Kwa namna hiyo jiwe lenyewe linabaki kuwa ngao, na kama chini yake kuna nge au nyoka, njia yake ya kutokea iko upande wa pili. Tazameni bila kugusa. Wakati wa kurudisha, usilibwage jiwe juu yao. Wasogeze wadudu pembeni kwa jani, lilaze jiwe katika alama yake ileile ya ardhini, kisha waache wajipenyeze wenyewe. Mtoto wa miaka sita anaweza kazi hii yote isipokuwa kuinua jiwe zito.

Vyura wana shida ya pekee. Ngozi yao hupitisha maji na hewa, kwa hiyo krimu ya kukinga jua na dawa ya kufukuza mbu iliyo mikononi mwa mtoto humwingia chura moja kwa moja. Kama ni lazima ashikwe, mikono iwe imeoshwa kwa maji matupu na bado ina unyevu, na iwe kwa muda mfupi sana. Vilevile matope ya viatu na nyavu yasafishwe na vikaushwe kabla ya kuhama bwawa moja kwenda jingine, kwa kuwa kuna ukungu aina ya kitridi unaoshambulia ngozi za vyura, uliotambuliwa na wanasayansi mwishoni mwa miaka ya 1990, ambao umeangamiza vyura wengi katika mabara kadhaa na husafiri kwa maji na tope. Sijaona mtoto aliyelalamika kusugua viatu baada ya kuelezwa sababu hii. Watu wazima ndio wavivu.

Mgeni wa Jukwaa

Samahani kwa kuingilia wakubwa. Mwanangu alikuta kinda la ndege chini ya mti, akaomba tulichukue tukalilee. Nilimkatalia nikamwambia kwamba mama wa kinda atalikataa kwa sababu ya harufu ya mikono yetu. Jirani akaniambia hiyo si kweli. Ukweli ni upi?

Mwalimu wa Baiolojia

Karibu sana, mgeni. Jirani yako ana haki. Ndege kwa kawaida hawayatelekezi makinda yao kwa sababu ya harufu ya binadamu. Hata hivyo uamuzi wako wa kutolichukua huenda ulikuwa sahihi kwa sababu nyingine.

Tazama manyoya. Kinda lisilo na manyoya, au lenye malaika tu, yaani manyoya laini ya kwanza, limeanguka kabla ya wakati. Kama kiota kinaonekana na kinafikika bila kuhatarisha mtu, lirudishwe. Kinda lenye manyoya yaliyokwisha kujaa, mkia mfupi, linalorukaruka na kung'ang'ania vijiti, limetoka lenyewe na linajifunza kuruka. Wazazi wake wako karibu na wanaendelea kulilisha, ila hawatashuka ninyi mkiwa mmelizingira. Likiwa barabarani au paka anazunguka, lisogeze kwenye kichaka cha jirani, kisha ondokeni mtazame kwa mbali. Mtoto wa swala aliyelala kimya majanini naye ni hivyohivyo: mama yake amemficha na atarudi kumnyonyesha, kwa hiyo asiguswe. Mnyama mwenye jeraha linaloonekana ni habari nyingine, na hapo hupigiwa simu watu wa wanyamapori badala ya kubebwa nyumbani kwenye boksi.

Mkosoaji

Nimesoma yote. Nina mashaka mawili. La kwanza, mnakataza sana: usiguse, usikamate, rudi nyuma. Watoto wa zamani walikamata vipepeo na panzi na ndio waliokuwa wanasayansi. La pili, hakuna aliyegusia simu. Watoto wa sasa hawataziacha nyumbani, na mimi naona simu porini ni upuuzi.

Mleta mada

Mkuu, mashaka yako yana msingi, hasa la kwanza. Mimi niko upande wako kuhusu wadudu wa kawaida. Mtoto anahitaji kuhisi miguu ya panzi kiganjani. Kinachotakiwa ni masharti machache: chombo kiwe angavu na chenye matundu, kikae kivulini, kiumbe kiwe kimoja kwa chombo kimoja, kitazamwe kwa lenzi kwa dakika chache, kisha kiachiwe palepale kilipokamatwa, mtoto akiwa amechora alichokiona. Kuchora ni bora kuliko kupiga picha, kwa sababu mkono unaochora huyalazimisha macho yahesabu: miguu ni sita au minane, mabawa ni jozi moja au mbili, vipapasio vya kichwani vina vifundo kama vya kipepeo au vimenyooka na kuchanua kama vya nondo? Marufuku kamili nayaacha kwa viota, mayai, viumbe adimu, na chochote kinachouma kwa sumu. Fahamu pia kwamba katika maeneo mengi ya hifadhi sheria hairuhusu kukamata wala kuchukua kitu, hata unyoya, kwa hiyo masharti ya eneo yasomwe kwanza.

Kuhusu simu, natofautiana nawe kidogo. Ziko programu kama iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008, na nyingine iitwayo Seek, ambayo hutambua viumbe kupitia kamera bila kumtaka mtoto afungue akaunti. Simu moja ya kiongozi kwa kundi zima inatosha, na itolewe mkobani baada ya watoto kukisia wenyewe na kueleza sababu za makisio yao. Ikitangulia simu, ubishi unakufa, na ubishi ndio nusu ya somo.

Nitatoa mfano kuonyesha kwamba kumbukumbu za watoto zina uzito katika sayansi. Fred na Norah Urquhart wa Kanada walitumia miongo kadhaa kutafuta vipepeo wa monaki wanakokwenda majira ya baridi, wakisaidiwa na mamia ya watu wa kujitolea waliobandika vilebo vidogo kwenye mabawa ya vipepeo hao. Januari 1975 wasaidizi wao walifika kwenye misitu ya milimani katikati ya Meksiko, wakakuta miti imefunikwa na vipepeo. Mwaka uliofuata Fred Urquhart alifika mwenyewe, na kati ya makundi hayo alikuta kipepeo mmoja mwenye lebo. Alikuwa amebandikwa kiangazi kilichotangulia na mwalimu na wanafunzi wake wawili huko Chaska, jimbo la Minnesota, Marekani, zaidi ya kilomita 2,500 kutoka hapo. Wanafunzi hao walikamata kipepeo, wakaandika namba, wakamwachia. Ujuzi wa kumshika kipepeo bila kuharibu bawa lake ndio uliowezesha ushahidi ule kupatikana, na ndiyo maana siwezi kuukubali msimamo wa kukataza kila kitu.

Tahadhari moja kwa wenye simu: picha ya kiota cha ndege adimu au pango la popo isitumwe mitandaoni pamoja na mahali kamili palipopigwa, kwa kuwa watu wabaya nao husoma. iNaturalist huficha mahali halisi pa viumbe waliotambuliwa kuwa hatarini, lakini mitandao mingine haina ulinzi huo.

Mkosoaji

Hapo kwenye lebo umenipata. Na kisu je? Na moto? Kambi bila moto si kambi.

Mpanda Milima

Kisu kwa mtoto aliyekomaa kiasi cha kutii kanuni bila kukumbushwa. Umri peke yake hausemi kitu. Akate akiwa ameketi, ncha na makali vikielekea mbali na mwili wake, na asianze kabla ya kuzungusha mkono ulionyooka pande zote kuhakikisha hakuna mtu ndani ya duara hilo. Kisu hupokezanwa kikiwa kimefungwa.

Moto uwashwe pale tu unaporuhusiwa na nyasi zisipokuwa kavu kiasi cha kushika cheche, jambo ambalo kiangazini mara nyingi lina maana kwamba hamtauwasha kabisa, na watoto waelezwe hivyo bila kuwatafutia njia ya mkato. Mkiruhusiwa, okoteni vijiti vilivyoanguka visivyozidi unene wa kifundo cha mkono wa mtoto. Matawi mabichi yasikatwe, na magogo makubwa yanayooza yaachwe kwa kuwa ni nyumba za mende, kuvu na mijusi. Kuzima ndiyo kazi ya kumpa mtoto mwenye bidii kuliko wote: amwage maji hadi mlio wa kuchemka ukome, akoroge majivu kwa kijiti, amwage tena, kisha mtu mzima asogeze nyuma ya kiganja juu ya majivu na hatimaye ayaguse. Kama bado yana joto la kusitasita kuyagusa, moto haujazimwa.

Mzazi wa Mapacha

Na nyoka? Nimengoja mtu aulize, naona wote mnazunguka.

Mpanda Milima

Mtoto akimwona nyoka, asimame, kisha arudi nyuma taratibu kwa njia aliyojia na amwite mtu mzima. Asirushe jiwe, asichokoe kwa fimbo. Watu wengi huumwa wakijaribu kumuua au kumshika nyoka ambaye angejiondokea. Viatu vilivyofunika mguu, tochi usiku, na kutoingiza mkono mahali jicho halijafika. Akiumwa, akae bila kujisogeza, pete na bangili zivuliwe kabla ya uvimbe, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, apelekwe hospitali mara moja. Hakuna kuchanja, kunyonya sumu wala kufunga kamba ya kukata damu.

Mgeni wa Jukwaa

Nashukuru kwa majibu. Swali langu la mwisho: mwanangu ana miaka mitano tu, na haya ya dira na visu bado. Nianzie wapi naye?

Mleta mada

Anzia kwenye kukaa. Mchagulie mahali pamoja karibu na mnapoishi, penye mti au maji au hata ukuta wenye nyufa zenye mimea, muende hapo mara kwa mara kiangazi chote, ikiwezekana saa zilezile. Mkae kimya kwa muda anaoweza, ambao mwanzoni utakuwa mfupi sana, na usimlazimishe aongeze. Viumbe waliojificha mlipokuwa mnafika huanza kutoka baada ya dakika chache za utulivu, na yeye mwenyewe ataanza kutaka kuwasubiri. Mpe filimbi yake avae shingoni, mcheze mchezo wa kujificha ambao ndani yake yeye anabaki mtini na wewe unamtafuta kwa mlio. Ukimwona amechoka, rudini.

Daftari liwe lenu wote wawili: yeye anachora, wewe unaandika tarehe, saa, hali ya hewa na maneno yake kama alivyoyasema. Kiumbe msichokijua jina mpeni jina la muda kutokana na anachofanya, kwa mfano mpanda ukuta au mla majani ya juu, mpaka mtakapopata jina lake halisi. Akifikisha miaka saba au minane, simika naye kijiti wima penye jua, mweke kijiwe kwenye ncha ya kivuli, msubiri dakika 20 hivi na mweke kijiwe cha pili. Kwa kuwa jua huonekana kwenda magharibi, kivuli huelekea mashariki, kwa hiyo kijiwe cha kwanza kiko upande wa magharibi na cha pili upande wa mashariki, muwe kaskazini au kusini mwa ikweta. Hiyo itakuwa dira yake ya kwanza, na ile ya sindano anaweza kuipata mwaka unaofuata.